Tulivyoivuta Mashua mpaka Kichangani

Wiki hii mmeniona nakuja kahawani bila tandiko la baiskeli kwapani, mkaanza kuulizana kama naumwa. Siumwi. Mnanijua: nikiiegesha baiskeli popote, tandiko nalichomoa naondoka nalo, na ufunguo wa stoo nalala nao chini ya mto. Ukarani wa stoo ndio ulionifundisha. Mtu akiniamkia kwa tabasamu, kabla sijaitikia nimeshajiuliza anataka nini. Sasa mmeuliza safari ile ilikuwaje, na kila mmoja nimemjibu kipande. Naandika yote mara moja, msomeane wenyewe, mniache ninywe kahawa yangu.

Mambo ya barua na mihuri nayaruka. Itoshe kusema kwamba kijiji cha Kichangani, anakokaa dada yangu Zuhura, kilipata mashua ya mtu mmoja aliyekuwa anahama nchi. Tangu wahamishiwe pale, zahanati yao iko ng'ambo ya maji, na masika yaliyopita jirani yake Zuhura alijifungulia kwenye tope akisubiri ngalawa. Kazi ya kuifikisha mashua nikakabidhiwa mie, maana Zuhura alisimama mkutanoni akasema, "Kaka Hemedi hata sindano haimpotei." Maneno yale yalinipendeza kuliko yalivyostahili.

Kinondoni

Jumamosi asubuhi tuliikuta uani Kinondoni, imekaa juu ya tela la magurudumu mawili, imefunikwa turubai. Mlinzi wa nyumba alinionyesha kila kitu: makasia mawili, mashine, dumu la mafuta, na nyuma kabisa, chini, tundu dogo lenye kizibo cha shaba cha kukaza kwa mkono. "Mvua ikinyesha unakitoa, maji yanatoka," alisema. Shaba ile ilikuwa inang'aa. Nikajua papo hapo kwamba hicho ndicho kitu cha kwanza kuibiwa.

Dereva alikuwa Festo, fundi wa magari wa Mbezi, mtu wa Rombo, mrefu, mkimya, mwenye Landrova kuukuu aliyoifufua mwenyewe. Mtu mkimya mie simwamini. Aliizunguka mashua mara tatu, akalala chali kuitazama kwa chini, kisha akaanza maswali: italala wapi, nani ataiangalia, mashine iko ndani? Nikamjibu kwa mkato. Mtu wa kuvuta mzigo, wa nini kujua mzigo unalala wapi?

"Ndugu Karani," akasema, "nina ombi moja. Kesho saa nane mchana niwe nimesharudi mjini. Mama yangu anakuja na basi la Moshi, anafika jioni. Macho yake hayaoni vizuri, na Kiswahili chake ni cha kuombea maji tu. Nisipokuwa stendi, hana pa kwenda."

Sheria mnaijua: Jumapili ikigonga saa nane, gari la mtu binafsi likionekana barabarani ni kosa, kwa ajili ya kubana mafuta. Nikamwambia tutafika leo leo, asiwe na wasiwasi. Moyoni nilisema, haya, visingizio vimeanza. Sijawahi kukutana na dereva asiye na mama anayekuja.

Hatukwenda mbali. Landrova ilikuwa na ndoano nyuma, na tela lilikuwa na kikombe cha chuma kinachotaka kukalia gololi kubwa. Havikulana hata kidogo. Festo akafunga kwa mnyororo na waya, akasema kuna fundi wa kuchomelea Tandale, twende polepole. Njia nzima tela lilikuwa linatugonga mgongoni kila tukishika breki, na mie shingo imegeuka nyuma, nahesabu kamba.

Tandale

Fundi alikuwepo, umeme haukuwepo. Tukaegesha pembeni ya soko, karibu na duka la ushirika. Pale pana mteremko, Festo akaniambia nitafute jiwe la kuzuia tairi la tela. Mbele ya duka nikaona mawe mazuri yamepangwa mstari. Nikachagua moja la mraba.

"Baba, umemchukua mtu," sauti ikasema nyuma yangu.

Alikuwa mama wa makamo mwenye kikapu cha ukindu. Nikamuuliza mtu gani.

"Hilo jiwe ndilo mie. Nimesimama hapo tangu alfajiri."

Na mie, ambaye mlangoni kwa stoo yangu mawe hupangwa kila wiki kushika nafasi za watu kwenye foleni, nilipaswa kujua. Akili ilikuwa kwenye mashua. Nikaomba radhi, nikageuka kumrudishia, nikakuta habari nyingine: nyuma ya tela letu watu walikuwa wamejipanga. Mzigo uliofunikwa umesimama karibu na duka la ushirika, basi hiyo ni sukari. Wengine walishaweka mawe.

"Ni mashua," nikawaambia.

"Sawa, ni mashua," akasema babu mmoja mwenye kanzu. "Imebeba nini?"

Nilivyozidi kukataa ndivyo walivyozidi kuja. Nikamsikia mmoja anamwambia mwenzake, "Huyo anakataa kwa nguvu, ipo." Yule mama akasema nifunue tuone. Nikagoma. Nikifunua, nilijua, kasia moja litaondoka na mtu. Nikakaa juu ya ncha ya turubai, nimekunja mikono, foleni imefika kwa wauza nyanya.

Festo hakuniuliza. Alifungua kamba upande wa pili, akalikunja turubai lote mpaka mbele. Watu wakachungulia. Yule mama akagonga ubao kwa kidole. "Kweli mashua," akasema, na foleni nzima ikaanza kucheka. Kisha akanigeukia. "Ungefunua tangu mwanzo, saa hizi mie ningekuwa nimepika."

Akauliza inakwenda kufanya nini. Festo ndiye aliyemjibu, habari ya zahanati na yule mama wa kwenye tope. Sikujua hata kama alikuwa ananisikiliza nilipokuwa nasimulia. Yule mama akalichukua jiwe lake mikononi mwangu, akaenda kuliweka mwenyewe chini ya tairi la tela. "Litumieni," akasema. "Foleni ya leo imeshanishinda."

Umeme ulirudi baada ya alasiri. Siku nzima tulishindia chai ya rangi isiyo na sukari, kila mtu anang'ata kipande cha kiazi kitamu ili ishuke. Gololi ilipochomelewa na kikombe kukalia, Festo alifunga na mnyororo juu yake, kikombe kikichomoka mnyororo ubaki. Jiwe likaingia ndani ya mashua. Kichangani kwa siku ile haikuwezekana tena.

Mtoni

Tukalala kwangu Mtoni. Kabla ya magharibi Festo alisimama akatazama upande wa maji.

"Karani, kwa nini tusiishushe hapa hapa asubuhi? Atafutwe mtu wa kuipeleka kwa maji. Mie na tela nitakuwa mjini mapema."

Hapo ndipo aliponichefua. Mashua ishushwe, aje mtu nisiyemjua, aingie nayo kwenye mikoko? Na nani angemtafuta mtu huyo, kama si yeye Festo? Nikamwambia kijiji kilisema ifike na tela lake. Kweli kilisema, lakini si ndiyo sababu.

Alipoingia ndani kunawa, nilizunguka nyuma ya mashua, nikakifungua kile kizibo. Nilikifunga kwenye ncha ya leso yangu, mafundo mawili, nikaiweka mfukoni mwa suruali. Kila mwenye gari mtaani kwetu huingia ndani na waipa zake. Mie nilikwenda mbele zaidi: mwizi akiivuta usiku akaishusha majini, izame naye. Nilikula ubwabwa na kunde nikiwa na raha ya mtu aliyewazidi watu akili.

Alfajiri nilimkuta Festo amechutama anakagua matairi ya tela.

"Kizibo kipo?" akauliza.

Wa nini kwake kizibo? "Kipo mahali salama," nikamjibu, nikaingia garini. Hakuuliza tena. Na mie, kwa hasira za swali lile, sikukifikiria tena kizibo mpaka wakati ambao nitawaeleza.

Barabara ya Kilwa

Tuliondoka saa kumi na mbili. Tulipochanganya mwendo kidogo tu, tela likaanza kuyumba, mkia huku, mkia kule, mpaka Landrova nayo ikayumba. Festo akasimama. Akasema uzito umekaa nyuma mno, akaihamisha mashine na dumu na lile jiwe mpaka mbele ya mashua. Likatulia. Nikakiri moyoni kwamba limetulia, nikaongeza kwamba sasa mashine iko karibu na mkono wake.

Kupita Mbagala tairi la tela likatoboka. Wakati anaziba nilinunua mihogo ya kuchoma yenye chumvi na pilipili, na nilipoinama kuweka chenji nikaona furushi chini ya kiti chake, limefungwa gazeti na kamba ya katani. Nikalisukuma kwa kidole cha mguu. Lilikuwa zito kwa ukubwa wake. Nikampa mhogo wake bila kumtazama usoni.

Mbele zaidi mgambo mmoja alitusimamisha.

"Mashua inafanya nini barabarani?"

"Inakwenda majini," akasema Festo.

"Maji mmeyaacha Mtoni."

Nikatoa barua. Aliisoma mpaka mwisho, akaigeuza kuona kama nyuma kuna kitu, akatuachia. Nilimwonea hata huruma. Mtu mwenye kazi kama yangu.

Tulipoacha barabara kubwa tukaingia mchanga. Mara mbili tulishuka kukata majani ya minazi tukayatandika chini ya magurudumu. Festo alikuwa anatazama jua kila baada ya dakika chache. Saa tano kasoro tukafika, watoto wanakimbia pembeni, kinamama wanapiga vigelegele, na Zuhura dada yangu amejifunga kanga kiunoni, amesimama mbele ya wote.

"Nisipoondoka saa sita na nusu sitafika," Festo akaniambia.

Majini

Maji yalikuwa yamejaa vizuri. Kilichobaki ni kurudi kinyumenyume mpaka yaingie kwenye tela, mashua ielee. Nani alijua kwamba kurudi nyuma na tela ni elimu? Unakata usukani kushoto, tela linakwenda kulia. Unakata zaidi, linajikunja ubavuni kwa gari. Festo mwenyewe hakuwahi. Akajikunja mara tano, kijiji kizima kinaelekeza kwa mikono, kila mkono na upande wake. Mwisho akawaomba wote wanyamaze, akashika usukani kwa chini badala ya juu, mkono unapoelekea ndiko tela linakoelekea, akaingia taratibu.

Magurudumu yalipokaribia maji akasimama tena. "Beringi za magurudumu ni za moto. Zikiingia kwenye maji sasa hivi zitanyonya maji ya chumvi. Tungoje kidogo zipoe."

Robo saa nzima. Mtu aliyekuwa analilia saa, sasa anasema tungoje. Nilimwambia Zuhura pembeni, "Huyu mwangalie."

Tukaingia. Jiwe la Tandale likawekwa nyuma ya tairi la Landrova. Bakari, kijana aliyechaguliwa kuwa nahodha, akafungua mkanda wa mbele, mashua ikaelea. Watu walipiga makofi, na mie machozi yalinilenga, siwafichi. Vitu tulikuwa tumeviacha nchi kavu, ndani alikuwamo Bakari peke yake.

Makofi hayajaisha, Bakari akasema, "Mbona miguu yangu imelowa?"

Maji yalikuwa yanapanda kutoka nyuma. Akarushiwa kata na kopo, akachota, akachota hata kwa mikono. Mashua ikazidi kukaa chini mpaka ubao wa nyuma ukawa sawa na maji. Vigelegele vikakatika. Kijiji kizima kikanigeukia mie, kaka wa Zuhura asiyepoteza sindano.

Nikanyoosha kidole. "Ni huyu. Alfajiri nimemkuta amechutama nyuma ya mashua. Amekuwa akikiulizia kizibo. Alitaka tuishushe Mtoni, tukakataa, ndiyo kazi yake hii."

Nilisema yote hayo mbele ya watu mia, na leso iliyo mfukoni mwangu haikunijia akilini hata kidogo. Mwenyekiti wa kijiji akachomoa ufunguo wa Landrova, vijana wakaingia kupekua. Wakatoka na furushi la chini ya kiti. Nikasema mnaona? Zuhura akalifungua juu ya mchanga. Ilikuwa nusu kilo ya sukari, doti moja ya kanga na ndala mpya za kike.

"Kaka," Zuhura akasema, "mwizi wa kizibo atembee na ndala za kike?"

"Atakuwa anauza," nikasema. Mpaka leo sijui ulimi ule niliutoa wapi.

Kutoka majini

Mashua iliyojaa maji haivutiki. Ishirini tuliivuta, haikusogea. Aliyetuonyesha namna ni Festo huyo huyo, amesimama katikati ya vijana wawili wanaomlinda. Alisema tela lishuke ndani zaidi, mashua ielekezwe juu yake ikiwa imezama vile vile, ifungwe mkanda, halafu gari livute hatua moja na kusimama, maji yatoke kwa tundu lile lile yalikoingilia. Tukiivuta kwa pupa, alisema, itapasuka kwa uzito. Wakampa ufunguo, mlinzi mmoja kulia kwake na mwingine kushoto, kama bwana harusi.

Ilichukua zaidi ya saa mbili. Tope lilikuwa linameza magurudumu, watu wanasukuma, jiwe linahamishwa nyuma ya tairi kila hatua. Kisha mkia wa mashua ukatoka majini, na kutoka kwenye tundu tupu maji yakaruka nje kama ya bomba. Wote tukalitazama tundu.

Festo alishuka, akaja nilipo. Hakupandisha sauti.

"Karani, asubuhi nilikuuliza kizibo kipo. Ukasema kipo mahali salama. Wapi?"

Mkono wangu ukaenda mfukoni wenyewe. Leso ilikuwa imelowa, na kwenye ncha yake, ndani ya mafundo mawili, kulikuwa na kitu kigumu.

Ndugu zangu, nilikuwa nimesimama kwenye maji ya magoti, chini tope tupu. Ilikuwa ni kuachia vidole tu. Kizibo kingezama, nami ningebaki na heshima yangu, na yule mtu wa Rombo angebaki mwizi wa Kichangani maisha yake yote. Nilikiwaza hicho kitu. Nilikiwaza kwa muda mrefu kuliko ninavyopenda kusema.

Nikaitoa leso, nikafungua fundo kwa meno. "Nilikuwa nacho mie," nikasema. "Nilikichomoa jana Mtoni, nikihofu huyu ataiba. Nikasahau."

Hakuna aliyecheka. Zuhura alinitazama, akainama kulifunga lile furushi upya, polepole, gazeti na kamba yake. Festo akauliza saa. Saa yangu ilisema saa nane kasoro robo. Akakaa chini kwenye mchanga, akafunika uso kwa mikono yake yenye grisi, na hapo ndipo nilipoamini kwamba mama yupo. Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona.

Bakari ndiye aliyesema, "Barabara ndiyo ina saa nane. Maji hayana."

Kwa maji, Mtoni ni mwendo wa saa moja na kitu, na pale mabasi ya mjini yapo. Kizibo nilikikaza mwenyewe. Mashua ikashuka mara ya pili, Bakari akakaa ndani akisubiri, miguu mikavu. Mashine ikafungwa, ikaguguma, ikawaka. Festo, ambaye hajawahi kupanda chombo chochote cha majini, alisimama ukingoni na furushi lake kifuani. Halafu akarudi, akaniwekea ufunguo wa Landrova mkononi.

"Kaa nalo mpaka nirudi."

"Mie?"

"Wewe. Ukilinda wewe, hata mie sitaliiba."

Hapo watu ndipo walipocheka. Akapanda, ameshika ubao kwa mikono miwili. "Kizibo kipo?" akaniuliza.

"Njoo ushike mwenyewe."

Akainama, akapeleka kidole nyuma, akakigusa. Wakaondoka.

Kichangani mpaka nyumbani

Jioni ile Zuhura aliniletea bada, ule ugali wa muhogo, na samaki wa nazi, akakaa mbali kidogo na mie. Nililala kwenye kiti cha mbele cha Landrova. Sikuchomoa kitu, si waipa, si kifuniko cha rejeta. Jiwe la Tandale lilikuwa bado nyuma ya tairi.

Jumatatu maji yalipojaa tukaisikia mashine. Bakari alikuwa nyuma, Festo mbele, na katikati mwanamke mzee mwenye kanga mpya, ndala zake amezishika mkononi zisilowe. Alikataa kuachwa mjini kwa watu asiowajua, Festo alisema, akaja naye. Alimkuta stendi amekaa juu ya mzigo wake, basi limefika muda si mrefu.

"Shikamoo mama," nikasema.

Alinisogelea mpaka uso wake ukawa karibu na wangu, akautafuta mkono wangu akaushika. Festo akamwambia maneno marefu kidogo kwa lugha yao. Yule mama akatingisha kichwa, akaushika mkono wangu kwa mikono yake yote miwili, akasema, "Asante, baba. Asante."

Nikamuuliza Festo amemwambia nini.

"Nimemwambia wewe ndiye uliyelala na gari langu."

"Na mengine?"

Alikuwa ameshainama kuliondoa jiwe. "Mengine ya nini?"

Basi mengine hakumwambia. Ndiyo hayo nimewaandikia nyie.